Wa Nne

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Muscat karibu na saa sita ya usiku, saa ambayo watu wa umri wetu hawapigiani ila kwa msiba. Nilipokea moyo ukinienda mbio.

"Wameingiza wimbo," akasema, bila hata salamu.

"Wapi?"

"Baada ya Panya. Wameuchomeka pale pale katikati."

Nikacheka, kwa nafuu tu ya kujua kwamba hakuna aliyekufa. Kisha kicheko kikanikatika, maana nilikwishafahamu anazungumzia nini, na nikajikuta nimeudhika kweli.

Panya ni Great King Rat, wimbo wa tatu katika albamu ya kwanza ya Queen, iliyotoka Uingereza tarehe 13 Julai 1973. Albamu ile ilikuwa na nyimbo kumi. Kwa miaka hamsini na moja kila aliyeipenda alijua kwamba Panya akishamaliza huja My Fairy King, wimbo wa nne, unaofunga upande wa kwanza wa santuri. Mwezi Oktoba 2024 ikatolewa upya, sauti zake zimechanganywa upya kuanzia mwanzo, jina limekuwa Queen I, na kati ya wa tatu na wa nne umekalishwa wimbo uitwao Mad the Swine. Kumi zikawa kumi na moja. Wa nne akawa wa tano.

Hata jina lile jipya lina mambo yake. Mwaka 1973 albamu iliitwa Queen, basi. Hakuna amwitaye mwanawe wa kwanza kabla hajazaliwa wa pili.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijana wanne wasiokuwa na fedha walikubaliwa kurekodi Trident, studio iliyokuwa katika kichochoro cha St Anne's Court, Soho, London, kwa sharti kwamba waingie saa ambazo wenye kulipa hawapo. Wakawa wanakesha. Hawakuipenda sauti ya ngoma iliyotoka humo, kavu, isiyo na mwangwi, na Brian May na Roger Taylor wamelilalamikia jambo hilo maisha yao yote. Mpiga besi wao, John Deacon, aliandikwa kwenye jalada Deacon John, jina lake limegeuzwa kichwa chini miguu juu, na alipopata nafasi ya kulirudisha akalirudisha. Katikati ya shughuli hiyo Freddie Mercury alikuwa ametunga wimbo mwepesi, wenye jua ndani yake, ukapangiwa nafasi ya nne. Bendi na mmoja wa watayarishaji hawakuelewana juu yake, wimbo ukatolewa, na waliobaki wakasogea wakaziba pengo. Mad the Swine ulikaa nje hadi 1991, ulipotolewa pamoja na singo ya Headlong, kama mgeni anayekaribishwa kwa mlango wa uani. Mwaka huo huo, tarehe 24 Novemba, Freddie akafariki, ana umri wa miaka 45.

Sasa wimbo umerudi kwake, na mashabiki wamegawanyika. Wako wanaosema hii ni haki iliyochelewa, ndivyo ilivyokusudiwa tangu awali. Wako wanaosema makusudio si albamu: albamu ni kile kilichotoka dukani, kikabebwa nyumbani, kikasikilizwa na watu waliooa, wakaachana, wakazika, na nyimbo ziko katika mpango ule ule. Wengine wanataka suluhu ya nusu kwa nusu, kwamba wimbo uwekwe mwishoni kabisa, baada ya kumi zile, kama zawadi. Mimi hiyo suluhu siipendi. Mtu ama amekuja kula ama hakuja. Huwezi kumwekea kiti barazani halafu ukasema umemkaribisha mezani.

Lakini usiku ule, kwenye simu, sikuwa mwamuzi. Nilikuwa mtu aliyesogezwa.

Nieleze. Albamu ile iliingia nyumbani kwetu Unguja mnamo 1983, haikuja kwa santuri bali kwa kanda ya dakika tisini, iliyonakiliwa kutoka kwenye kanda nyingine, nayo kutoka kwenye nyingine. Kaka aliipata kwa baharia. Juu ya karatasi alikuwa ameandika KWINI kwa kalamu ya wino mwekundu. Nyimbo zote kumi hazifiki dakika 39, na upande mmoja wa kanda ni dakika 45, kwa hiyo palibaki utupu, na Kaka hakuwa mtu wa kuacha utupu. Akajaza kwa wimbo wa taarabu alioutoa redioni, nao ukakatika katikati ya fidla kanda ilipoisha. Albamu yenyewe inamalizika kwa kipande kifupi cha dakika moja na robo, Seven Seas of Rhye, ambacho hakijakamilika. Wimbo wote walikuja kuutoa katika albamu ya pili. Basi kwa miaka mingi mimi niliamini kwamba Queen humaliza kwa piano inayokatika, na baada yake huingia ganuni. Nilipokuja kuisikia albamu bila taarabu, huko ukubwani, niliona imekatwa mguu. Na toleo lile la 2024, pamoja na marekebisho yake yote, hilo halikurudisha.

Kaka alikuwa na maradhi ya kupanga vitu. Hakutosheka kuwa na kanda. Akagawa nyimbo kwa watoto wa nyumba kwa mpango wa kuzaliwa. Dada mkubwa, aliyekuwa na pumu, akapewa Keep Yourself Alive, yaani jitunze usife, na yeye akaupokea bila kucheka. Kaka mwenyewe, wa pili, akajichukulia Doing All Right, mambo shwari. Dada wa tatu akapewa Panya, akamfukuza kwa mwiko hadi uwanjani. Mimi wa nne nikapewa My Fairy King, mfalme wa majini, nikavimba kichwa mwezi mzima. Anayenifuata akapewa Liar, mwongo, na wallahi hakuna aliyeona ameonewa isipokuwa yeye. Kitinda mimba, aliyekuwa na sifa ya kulia kila ikifika magharibi, akapewa The Night Comes Down. Nyimbo nne za mwisho hazikuwa na mwenyewe.

Nakumbuka Kaka alisita kidogo kabla hajanipa wangu. Au kusita huko nimekutia mimi baadaye. Kumbukumbu nayo hupangwa upya.

Mwanzoni mwa 2023 nilimpeleka mama hospitali kwa ajili ya presha. Muuguzi, msichana mpole mwenye haraka, alikuwa akijaza fomu. "Bibi ana watoto wangapi?" akaniuliza mimi, kama wanavyofanya wakiona mzee amefumba macho. Nikasema sita.

"Saba," akasema mama, macho bado ameyafumba.

Nikamtabasamia muuguzi, tabasamu lile la kumwombea mzee radhi. "Sita, Mama."

"Saba. Mimi ndiye niliyezaa."

Muuguzi hakuinua kichwa. "Walio hai?"

"Sita," akasema mama, na kalamu ikaandika, na swali likawa limekwisha.

Njiani, ndani ya teksi, nikamwuliza. Akaniambia kama mtu anayeeleza bei ya samaki. Baada ya Dada wa tatu na kabla yangu alizaa mtoto wa kiume, mwenye nywele nyingi. Akaishi siku tano. Siku ya saba, ya akika na jina, hakuifikia, kwa hiyo jina hakuwa nalo; likatajwa lile lililokusudiwa, wakaliacha. Baba alimbeba mikononi mpaka makaburini, na wanaume wanne nyuma yake, maana jeneza la nini kwa kiumbe wa ukubwa ule. Nikamwambia, "Basi mimi ni wa tano." Akanitazama. "Wewe ni wa tano," akasema, kama anayenionyesha doa kwenye shati langu ambalo wote walikuwa wakiliona isipokuwa mimi.

Hapa naweza kusema nilihuzunika kwa ajili ya yule mtoto. Nilihuzunika, lakini baadaye. Kilichotangulia kilikuwa kitu cha kitoto na cha aibu: nilijihisi nimeibiwa. Nina miaka hamsini na mitano, nina wajukuu, na nimekaa ndani ya teksi nimenuna kwa sababu si wa nne tena. Nambari ile nilikuwa nimeijengea nyumba. Wa nne ndiye wa katikati, niliwahi kujieleza hivyo kwa watu, anayesuluhisha, asiyeonekana. Kumbe katikati hapakuwa pangu. Palikuwa pa mtu, akaondoka, nikakalishwa hapo pangali pana joto.

Nilimpigia Kaka wiki ile. Alikuwa anajua. Alikuwa na umri wa miaka mitano siku ile, ametumwa mbio kumwita shangazi. "Kwa nini hukuniambia?" Akanyamaza kidogo. "Hukuuliza." Tukaingia kwenye habari nyingine, joto la Muscat, bei ya tiketi.

Ndiyo maana simu ya Oktoba ilinichoma. Kaka alikuwa anafurahia wimbo kurudi. Mimi nikawa mwanachama mkali wa chama cha kumi, nikitetea mpangilio wa 1973 kama mtu anayetetea kiwanja cha urithi. Nikamwambia wimbo ule hauna uzito, unapunguza kasi, Panya anamaliza kwa fujo na sikio linataka mfalme aje papo hapo, lisipewe mtu wa kupiga makofi na kuimba kwa raha. Nikamletea na mfano wa Pink Floyd. Albamu yao ya The Final Cut ya 1983, ambayo Roger Waters aliitoa kwa ajili ya baba yake, Eric Fletcher Waters, aliyeuawa vitani karibu na Anzio, Italia, mwezi Februari 1944, mwana ana miezi mitano. Ilipotolewa tena mwaka 2004 wakauchomeka When the Tigers Broke Free, wimbo unaosimulia kifo hicho chenyewe. Nikamwambia Kaka kwamba albamu ya mwanzo ilikuwa na nguvu kwa sababu kifo kilizungukwa bila kuguswa, na sasa kimewekwa mezani mbele za watu. Kaka akanisikiliza mpaka mwisho, na hiyo kwake ni adabu kubwa, kisha akasema: "Huyo mtu amempoteza baba kabla hajajua kusema baba. Unataka azunguke mpaka lini?"

Sikuwa na jibu. Siku nyingine ningemjibu kwa The Wall, ambamo maneno ya wimbo mmoja, What Shall We Do Now?, yalichapishwa kwenye jalada la ndani ilhali wimbo wenyewe umeondolewa dakika za mwisho. Mashabiki wa 1979 walikuwa wakifuatilia kwa kidole, wakafika mahali wakasoma maneno yasiyoimbwa. Nadhani hiyo ndiyo hali ya mama miaka yote. Alikuwa na jalada lililochapishwa kabla. Sisi tulikuwa na santuri.

Na huyu Freddie, ambaye nyimbo zake ndizo zinazosogezwa, mwenyewe ni mtu wa kuingizwa na kutolewa katika orodha. Tulipokuwa tukiisikiliza kanda ya KWINI hatukujua kwamba mwimbaji ni mtoto wa Unguja. Tulikuja kujua alipokwisha kufa. Farrokh Bulsara alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Bomi na Jer, Waparsi, baba yake akiwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Akapelekwa India kusoma akiwa mdogo, akarudi 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, magharibi ya London. Waliobaki wakasogea. Mwaka 2006, ilipopangwa kusherehekewa miaka sitini ya kuzaliwa kwake, kundi moja la kidini lilikuja juu. Mwaka 2019 kikafunguliwa kijumba cha makumbusho yake Shangani, na watalii hupiga picha mlangoni. Watu wa Mji Mkongwe hadi leo hawajaafikiana kama ni wetu au si wetu. Yeye hakuacha kaburi la kubishania: alichomwa moto London, na majivu yalikowekwa hajatangaziwa mtu.

Wimbo uliosogezwa, ule uliokuwa wangu, ndio uliompa jina. Brian May amesimulia kwamba ndani ya My Fairy King kuna mahali mwimbaji anamwita mama kwa jina la Mercury, na Freddie akasema huyo ni mama yangu, basi mimi nitakuwa Mercury. Aliingia katika wimbo ule Bulsara. Sehemu ya picha zake aliziazima kwa Robert Browning, katika shairi la mpiga zumari wa Hamelin, aliyewatoa panya mjini kwa muziki na, aliponyimwa ujira wake, akawatoa na watoto. Mlima ukafunguka, watoto wakaingia, mlima ukafunga. Akabaki mmoja tu, kiwete, aliyeshindwa kwenda mbio. Nilipolisoma shairi lile kijana niliwasikitikia walioingia. Siku hizi namfikiria yule kiwete, anavyorudi peke yake mjini, na akina mama wote wamesimama milangoni wanamtazama.

Nafikiri mama alinitazama hivyo miaka ya kwanza, ingawa sina namna ya kujua, na sitamwuliza.

Wiki mbili baada ya simu ile nilikubali kuusikiliza. Kaka alisisitiza tuusikilize pamoja, yeye kule na mimi huku, kila mtu na spika yake, simu wazi kati yetu, tukihesabu moja, mbili, tatu ndipo tubonyeze. Hazikuanza sawa, yake ilinitangulia kidogo, hivyo kila neno nililisikia mara mbili. Ngoma sasa zina mwili. Nilizikosa zile kavu, kwa maana ukavu ule niliuchukulia kuwa ni umbali, kwamba ndivyo London inavyosikika kutoka Unguja kupitia kanda ya tatu. Wimbo wa kwanza ulipoanza, Kaka akasema jina la Dada mkubwa. Wa pili, akakohoa, yaani mimi hapa. Wa tatu tukacheka wote wawili, maana Panya sasa ni hajati mwenye heshima zake Wete.

Panya alipomaliza, mdomo wangu ulikuwa umekwishafunguka kwa mfalme, mazoea ya miaka arobaini. Akaingia mwingine. Mwepesi, mchangamfu, hana haraka. Anayesema ndani yake ni mtu aliyewahi kuwapo hapa zamani, na sasa amekuja tena. Hilo sikuwa nimelitia akilini nilipokuwa nikiubeza. Upande wa pili wa simu Kaka alikuwa kimya. Nilisikia kiyoyozi chake, na nyuma ya kiyoyozi wimbo ule ule ukitangulia. Dakika tatu na ushei. Sikupima kama ni mzuri, na hata leo sijapima.

Ukaisha. Na hapo ndipo, kabla hakijaingia kitu kingine, Kaka, mtu wa kupanga vitu, aliponiambia jambo ambalo mimi nilikuwa sijalihesabu hata kwa vidole. "Unaona," akasema. "Mwongo atakuwa wa sita. Usiku wa saba. Kila mtu yuko na wake vile vile." Ikapita pumzi moja. Kule kwake piano na makelele ya My Fairy King yalikwishaanza, kwangu bado.

"Haya," akasema. "Sasa wewe."